Hereni haijui ng'ombe alizaliwa wapi

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo pale Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, mjadala mzima wa mifugo umehamia sikioni. Kila mtu anazungumzia hereni, kile kitambulisho chenye namba anachovishwa mnyama sikioni. Wapo wanaoiona kuwa ufunguo wa soko la nje: sasa nyama yetu itaandikwa "ya Tanzania", na mnunuzi wa Muscat au Dubai ataisoma na kuamini. Wapo wanaoiona kuwa daftari la mtoza kodi lililotundikwa kwenye mnyama, ili siku moja waje kuhesabu na kudai. Nimewasikiliza wote, maofisini na minadani, na naona wanakosea pamoja. Wote wawili wanaipa hereni kazi ambayo haiwezi kuifanya.

Hereni ni jina. Inamtofautisha ng'ombe huyu na yule, basi. Haisemi alizaliwa wapi. Inachoweza kusema, endapo daftari lililo nyuma yake limeandikwa vizuri, ni mahali alipovishwa, siku aliyovishwa, na nani alisimama pale akisema "huyu ni wangu". Kati ya kuzaliwa na kuvishwa kuna pengo la miezi au miaka, na pengo hilo halizibwi na plastiki wala na chipu. Linazibwa na neno la mtu aliyekuwepo. Kama neno hilo hatulitengenezei mahali pa kuandikwa, na kama anayelitoa hapati chochote kwa kulitoa, basi lebo ya asili tutakayobandika kwenye nyama itakuwa uvumi uliopigwa chapa vizuri.

Tazama namba yenyewe. Kanuni za kimataifa za vitambulisho vya kielektroniki vya wanyama zinatumia namba ya tarakimu 15, na tatu za mwanzo zinaweza kuwa msimbo wa nchi. Msimbo wa Tanzania ni 834, wa Kenya ni 404. Mtu akiona 834 kwenye kioo cha kifaa cha kusomea, rahisi adhani amesoma uraia wa ng'ombe. Amesoma uraia wa hereni. Mtamba aliyezaliwa Kajiado, akavuka na mama yake wakati wa kiangazi, akakutwa upande wa Longido siku ya zoezi, atavishwa kama wenzake na ataingia kwenye mfumo akiwa Mtanzania kamili. Hakuna aliyedanganya hapo. Mvishaji hakuuliza, na ng'ombe hasemi.

Tumefika hapa kwa njia ndefu. Sheria inayotawala jambo hili ni ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Namba 12 ya mwaka 2010, na waliotunga jina lake walijua walichokuwa wanafanya, maana kazi zote tatu zimo kwa mpangilio. Utambuzi ni kumpa mnyama jina. Usajili ni kuliandika jina hilo pamoja na la mwenye mali. Ufuatiliaji ni kuandika kila anapobadilisha mikono au kuhama mahali, mpaka siku anapokufa. Zaidi ya miaka 15 imepita na bado tunahangaika na kazi ya kwanza. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 tulikuwa kwenye chapa ya moto. Ng'ombe walipigwa alama za eneo, tarehe ya mwisho ikasogezwa, na mtu yeyote wa biashara ya ngozi atakuambia hasara iliyopatikana, kwa kuwa ngozi yenye kovu la chuma haina bei ya ngozi safi. Zikaja hereni za kielektroniki: Sh1,750 kwa ng'ombe na punda, Sh1,000 kwa mbuzi na kondoo, kutoka mfukoni mwa mfugaji. Manung'uniko yakafika bungeni, na mwishoni mwa 2022 zoezi likasimamishwa.

Kampeni ya sasa imekuja na akili zaidi. Hereni imefungamanishwa na chanjo, jambo ambalo mfugaji analiona faida yake ndani ya msimu mmoja. Mpango ni wa miaka mitano, kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh216 bilioni. Mfugaji anachangia Sh500 kwa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe na Sh300 kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, serikali inabeba kiasi kilichobaki, na kuku wanachanjwa bure. Kama mpango wa afya ya mifugo, sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na sentensi moja inayorudiwa kila mahali tangu siku ile, kwamba kwa hereni hii "asili ya mifugo yetu itathibitika".

Tumfuate maksai mmoja tuone. Anazaliwa Meatu, kwenye zizi la miiba. Akifika miaka mitatu mwenye zizi anadaiwa ada ya shule, anamswaga mpaka mnada wa awali, ule mdogo ambapo mfugaji anauza mwenyewe, na kumuuza kwa mchuuzi mdogo, ambaye siku hiyo amenunua ng'ombe saba kwa watu sita. Mchuuzi anawachunga wiki mbili kwa shemeji yake, wananawiri kidogo, anawapeleka mnada wa upili, tuseme Mhunze, Kishapu. Hapo anakutana na mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye anajaza lori kwa ng'ombe wa wachuuzi wanne au watano. Kibali cha kusafirisha mifugo kinatolewa: idadi, aina, kutoka Kishapu kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Pugu madalali wanawagawa upya, huyu machinjio ya Vingunguti, yule kiwandani. Kibali kile kiko sahihi kwa kila herufi. Lakini "kutoka" iliyoandikwa humo ni mahali lori lilipopakiwa. Meatu ilipotea kwenye mnada wa kwanza, na ilipotea bila hila ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna karatasi iliyokuwa inauliza.

Niliwahi kusimama kwenye mnada mmoja wa kaskazini nikamuuliza mchuuzi kuhusu dume lake jekundu lenye baka jeupe tumboni, limetoka wapi. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. "Huyu? Katoka kwenye pesa yangu, mzee." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Dume lilikuwa na hereni, na nilipoinama kuisoma akaniambia nisijisumbue, hiyo ni ya mwenyewe wa zamani. Alilisema hilo kama kawaida tu, kama unavyoweza kusema shati hili ni la kaka. Namba ilikuwepo sikioni, safi, inasomeka. Katika mfumo, dume lile lilikuwa bado linakula majani kwenye boma la mtu ambaye alishamaliza hela yake zamani.

Na hata tukisema uhamisho wa mnadani umeandikwa vizuri, kuna mahali ambapo hereni inakufa kabisa. Machinjioni kichwa kinaondolewa mapema, sikio linaondoka na kichwa, na hereni inaondoka na sikio. Kichwa kinakwenda kwa wauza supu. Mzoga unabaki kwenye ndoano hauna jina, isipokuwa kama kuna mtu aliyekwisha kuandika namba ileile kwenye kadi na kuifunga mguuni, kisha mwingine akaihamishia kwenye mapaja na mabega, na mwingine kwenye sanduku. Ulaya, yenye pasi za ng'ombe na kompyuta za kila namna, iliaibika hapo hapo mwaka 2013, Ireland ilipopima baga za ng'ombe na kukuta nyama ya farasi. Karatasi zilisema ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa na hereni masikioni mwao huko malishoni, salama salimini. Uongo uliingia baada ya sikio kutupwa.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na neno "asili" kubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Kuna asili ya daktari wa mifugo: mnyama huyu amepita maeneo gani, na yana ugonjwa gani? Kwa daktari, mahali alipozaliwa hapana uzito kama mahali alipokuwa miezi michache iliyopita. Kuna asili ya forodha: je, anastahili kuvuka mpaka bila ushuru? Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinawahesabu kuwa bidhaa halisi ya nchi mwanachama wanyama hai waliozaliwa na kukuzwa humo. Halafu kuna asili ya lebo, ile inayomhusu mlaji aliyesimama mbele ya friji ya duka: nyama hii ni ya nani, na niilipie zaidi kwa sababu gani? Ng'ombe mmoja anaweza kuwa na majibu matatu tofauti, na yote ya kweli. Hereni tunaitaka ijibu yote kwa namba moja.

Mpakani ndipo maswali haya yanapouma. Wafugaji wa Longido na Kajiado, wa Loliondo na Narok, ni ukoo mmoja uliopitiwa na mstari wa ramani, na kiangazi hakiulizi pasipoti. Watu hao hawajasahau Oktoba 2017, serikali ya Tanzania ilipokamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho. Siku ile "asili" ilikuwa sababu ya kunyang'anywa. Sasa leo ofisa anapokuja na fomu inayouliza ng'ombe huyu katoka wapi, usitegemee mtu mwenye akili timamu aandike Kajiado. Ataandika jibu lililo salama kwake. Anayetaka tamko la kweli kuhusu asili lazima kwanza aahidi, kwa maandishi, kwamba tamko hilo halitatumika kumfilisi aliyelitoa. Ahadi hiyo sijaiona popote.

Tuangalie wengine wanafanyaje, maana huwa tunadhani wenzetu wameshamaliza kila kitu kwa mashine. Umoja wa Ulaya ulijenga mfumo wake kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe, baada ya Uingereza kukiri Machi 1996 kwamba ugonjwa ule ulikuwa unaelekea kuhusiana na vifo vya watu. Kanuni yao namba 1760 ya mwaka 2000 inataka lebo ya nyama ya ng'ombe iseme mambo matatu kila moja peke yake: alizaliwa wapi, alikuzwa wapi, alichinjwa wapi. Ili neno "alizaliwa" liwe na maana, waliweka sharti kwamba ndama avishwe ndani ya siku 20 tangu azaliwe. Hapo ndipo penye siri yote. Hereni ya siku ya kumi na tano inakaribia kuwa cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndama wa umri huo bado ananyonya na mama yake yupo pale pale. Hereni ya mwaka wa nne haina uzito huo hata kidogo. Sisi tunavisha wakubwa kwa wadogo siku moja, kwenye kibanio kimoja, halafu tunazihesabu zote kwa imani moja.

Marekani inafundisha jambo jingine, na ndilo lililonishangaza zaidi nilipoanza kulifuatilia. Sheria yao ya kutaja nchi ya asili kwenye nyama, iliyoanza kutumika kwa ng'ombe mwishoni mwa muongo wa 2000, ilimkataza waziri wa kilimo kutumia mfumo wa lazima wa utambuzi ili kuhakiki asili. Yaani nchi ya wafugaji wakubwa kiasi kile iliamua kwamba lebo itasimama juu ya tamko la mzalishaji: mtu anayejua moja kwa moja mnyama alizaliwa wapi anasaini karatasi, karatasi inafuatana na kundi, mnunuzi anaitunza, mkaguzi akija anaiomba. Hereni ilikuwa msaada. Shahidi alikuwa mtu. Kanada na Mexico, ambazo ndama zao huvuka kwenda kunenepeshwa Marekani, zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani. Hoja iliyoiangusha Marekani nayo inafaa kusikilizwa: kwamba mzigo wa kumbukumbu waliotwishwa wafugaji na wachinjaji ulikuwa mkubwa kuliko taarifa ambayo mlaji alikuja kuipata kwenye lebo. Mwaka 2015 walalamikaji waliruhusiwa kutoza ushuru wa kulipiza wa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, na Desemba hiyo hiyo Bunge la Marekani likawaondoa ng'ombe na nguruwe kwenye sheria. Mbuzi, kondoo na kuku walibaki. Kilichofuata ni kichekesho cha miaka kadhaa, ambapo nyama iliyotoka nje na kufungwa upya tu ndani ya Marekani iliweza kuitwa zao la Marekani. Ni kuanzia 1 Januari 2026 ndipo anayetaka kuandika maneno hayo kwa hiari yake analazimika kuwa na kumbukumbu kwamba mnyama alizaliwa, alikuzwa, alichinjwa na kuandaliwa humo humo.

Australia inatumia vyote viwili. Hereni za kielektroniki kwa ng'ombe zipo miaka mingi, na kwa mbuzi na kondoo zimekuwa za lazima kwa wanaozaliwa kuanzia Januari 2025, lakini bado kila kundi linalouzwa linaambatana na tamko la muuzaji, lililosainiwa, lenye namba ya shamba. Botswana nayo ilijaribu ujanja ambao kwa nadharia ulikuwa bora kuliko hereni: kidonge kigumu chenye namba, ng'ombe anamezeshwa, kinakaa tumboni maisha yake yote, hakidondoki wala hakikatwi na mwizi. Hata hivyo mauzo yake Ulaya yalisimama kwa muda mwaka 2011, na kasoro za ufuatiliaji zilikuwa miongoni mwa sababu. Baadaye walirudi kwenye hereni. Namba isiyoweza kupotea haikuwaokoa.

Sasa tuzipime hoja za hapa nyumbani, kwa kuwa hazina uzito sawa. Hoja ya serikali ina nguvu yake. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 35 haiwezi kupanga chanjo, majosho wala malambo kwa kukisia. Mwizi wa ng'ombe mwenye hereni ana kazi zaidi kuliko mwizi wa ng'ombe asiye nayo, hata kama kisu kinakata sikio kwa sekunde mbili. Na mauzo ya nyama nje yamepanda, tunapeleka zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo maswali ya wanunuzi yataongezeka. Pale inapozidisha chumvi ni kuahidi kwamba hereni itafungua Ulaya. Kinachotuzuia Ulaya kwanza ni ugonjwa wa miguu na midomo, ambao upo nchini, na hereni haiutibu. Namibia inauza Ulaya, na tangu 2020 inauza hata Marekani, kwa sababu nyama hiyo inatoka kusini mwa uzio mrefu wa kuzuia magonjwa. Kumbukumbu zake zinathibitisha kwamba ng'ombe hakutoka upande wa pili wa uzio. Sisi uzio huo hatuna, na sidhani kama tunautaka.

Hoja ya mfugaji kwamba anahesabiwa ili atozwe huwa inachekwa mijini. Mimi siicheki. Mtu ambaye kila mara alipohesabiwa kilichofuata kilikuwa ama tozo ama operesheni ya kuondoa mifugo, ana haki ya kushuku. Hoja hiyo inakosea tu inapoamini kwamba kutohesabiwa ni kinga. Leo mfugaji asiye na maandishi ndiye anayepokea bei ndogo kuliko wote kwenye mnyororo mzima, kwa sababu kila sifa aliyonayo ng'ombe wake, kwamba kalishwa majani ya mbugani, kwamba ni zebu halisi, kwamba hajachomwa dawa mwezi huu, inaishia kwenye mnada wa kwanza. Anayekuja kuinukuu baadaye kwenye sanduku ni mwingine, na bei ya sifa inaingia mfukoni mwa huyo mwingine.

Wafanyabiashara wana hoja yao: wanunuzi wa Ghuba hawaulizi ng'ombe alizaliwa wapi, wanauliza cheti cha afya, cheti cha halali na bei. Ni kweli kwa leo. Sehemu kubwa ya tunachouza huko ni mbuzi na kondoo, wanyama wanaochinjwa wakiwa wadogo, na kumwandikia kila mbuzi historia yake pengine kungekula faida yote. Hapo nakubaliana nao kuliko wanavyotarajia. Lakini masoko yanaanza kuuliza siku yanapopata mtu anayeweza kujibu, na kwa mbuzi dawa ipo: kundi liwe ndilo lenye kitambulisho. Ulaya kwenyewe mwanakondoo anayechinjwa nchini mwake kabla ya kutimiza mwaka anaweza kuvaa hereni moja tu yenye namba ya shamba alikozaliwa, bila namba yake binafsi. Mbuzi 60 waliokusanywa kutoka vijiji vitatu vya Simanjiro wanaweza kusafiri na karatasi moja inayovitaja vijiji hivyo vitatu. Hilo ni la kweli, linahakikika, na halimgharimu mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo nisikiayo mara nyingi kwenye semina, ikisemwa kwa sauti ya huruma: kwamba mfugaji wa asili hana elimu, hawezi kutunza kumbukumbu, kwa hiyo tumletee teknolojia imsemee. Anayesema hivi hajawahi kukaa bomani jioni ng'ombe wanaporudi. Mfugaji wa Kimaasai au wa Kisukuma hahitaji kifaa kujua nani hajarudi. Anatazama, anaona pengo. Anamjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake na kwa mama wa mama yake, anajua yupi aliletwa kwa mahari na kutoka kwa nani, yupi ni wa mkopo na lazima arudishwe na uzao wake. Wamaasai walikuwa wanakata masikio ya ng'ombe kwa mtindo wa ukoo zamani sana kabla ya mtu yeyote wizarani kufikiria hereni. Ule ni usajili wa asili ulio sahihi kuliko wowote tulio nao kwenye kompyuta, na kasoro yake ni moja: uko kichwani, na hautoki pale ng'ombe anapouzwa. Mwenye upungufu wa kumbukumbu katika mnyororo huu ni mchuuzi na dalali, ambao wote wanasoma na kuandika vizuri sana.

Ukilikubali hilo, vipaumbele vinageuka. Badala ya kusukuma asilimia ya ng'ombe waliovishwa, takwimu inayopendeza kwenye hotuba, ingefaa tuhesabu ndama waliovishwa kabla ya kuachishwa kunyonya, maana hao peke yao ndio ambao siku moja tutaweza kusema walizaliwa hapa. Wakubwa wa sasa wavishwe pia, kwa ajili ya chanjo na wizi, lakini mfumo uandike wazi kwamba mahali walipozaliwa hapajulikani. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kupajaza kwa kubuni. Pili, mnada wa awali ndio mahali pa kuandika, kwa sababu hapo tu ndipo anayejua na anayenunua wanasimama uso kwa uso. Pawe na tamko fupi la Kiswahili, la mistari minne: namba, kijiji alikozaliwa, muda aliokaa kwa muuzaji, dole gumba au saini. Linaweza kuandikwa na karani yule yule anayepokea ushuru wa mnada, ambaye kwa sasa anaandika hela tu. Bila tamko, ng'ombe anauzwa kama kawaida, ila haingii kwenye kundi linalodai lebo ya asili. Mwenye nalo alipwe tofauti, hata iwe ndogo, palepale, kwa sababu karatasi isiyo na bei itajazwa na dalali kwa niaba ya kila mtu, kwa mwandiko mmoja.

Lebo nayo ipunguze mdomo. Kwa miaka kadhaa ijayo kitu tunachoweza kukisema bila kumdanganya mtu ni "amechinjwa Tanzania", na kwa baadhi ya makundi "amekuzwa Tanzania". Najua watangazaji wa biashara watanuna, kwa sababu haina mvuto kama picha ya ng'ombe na mlima nyuma yake. Kuhusu ng'ombe wa mpakani, nchi za Jumuiya zinaweza kukubaliana kuandika asili ya Afrika Mashariki, kama Ulaya inavyoruhusu nyama ya kusaga kuandikwa kwa ufupi zaidi kuliko paja zima. Ng'ombe wa Loliondo aliyezaliwa Narok si mhalifu, na wala si wa kufichwa nyuma ya 834.

Kampeni itamalizika karibu na mwaka 2030. Ndama aliyezaliwa wiki hii Longido au Meatu, akijaliwa kupona kiangazi, atafika mnadani kipindi hicho hicho, akiwa maksai aliyejaa, na hereni yake sikioni. Siku na saa aliyozaliwa anaijua mama mwenye nyumba, aliyekwenda zizini alfajiri na kibuyu cha kukamulia akamkuta amelala kwenye majivu, bado mbichi, mama yake akimlamba. Amekwisha kumpa jina. Timu ya uvishaji ikipita kijijini kwao, fomu itamtaka mumewe ataje jina lake, kijiji, namba ya simu na idadi ya mifugo.